Bibi amevuka 70 lakini kitambulisho kinakataa. Apate vipi pensheni jamii?

Mjukuu wa Kusini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu bibi yangu mzaa mama, mkaazi wa Makunduchi. Kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi kimeandikwa kazaliwa 1960. Siku ya kuandikishwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, mwandishi akamtazama usoni akakadiria mwaka. Wenzake aliocheza nao utotoni wanapokea pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 hapa Zanzibar, shilingi 50,000 kila mwezi, yeye anaambiwa asubiri mpaka 2030. Macho yameanza mtoto wa jicho, na shamba hawezi tena. Kuna mtu amejitolea "kututengenezea" cheti kwa malipo. Sitaki kumtia bibi katika uongo, lakini sijui njia ya halali inaanzia wapi.

Babu Shehia
Wa alaykum salaam mwanangu. Huyo wa cheti muepukeni kabisa. Cheti cha kughushi kikigundulika, bibi ataonekana mdanganyifu hata kwa umri wake wa kweli.

Anzeni na ushahidi wa matukio, ndivyo tunavyowauliza wazee wa rika lake. Anasemaje kuhusu Mapinduzi ya 1964? Na Vita vya Ng'ombe, Julai 1951, pale watu wa Kiembesamaki walipokataa ng'ombe wao kuchanjwa, amewahi kusimuliwa alikuwa mkubwa kiasi gani?

Mjukuu wa Kusini
Shikamoo babu. Anasema mama yake akimwambia kwamba Vita vya Ng'ombe vilimkuta anatambaa. Mapinduzi anayakumbuka mwenyewe, alikuwa anakaribia kuvunja ungo.

Mama Rukia
Na watoto wake je? Mkubwa kazaliwa lini, na ana cheti?

Mjukuu wa Kusini
Mjomba kazaliwa 1969 na cheti anacho.

Mama Rukia
Basi tazama: kwa mwaka wa kitambulisho, bibi alimzaa mjomba akiwa na miaka 9. Hicho cheti cha mjomba ndicho kitu cha kwanza kuweka mezani. Sisi tulipomrekebishia mama, kilichosaidia ni cheti cha dada yetu mkubwa pamoja na barua ya sheha (kiongozi wa mtaa), na wazee wawili waliokula kiapo. Pia ulizeni kama jina lake limo kwenye madaftari ya zamani ya vizazi. Usajili huku ni wa tangu enzi za Waingereza, wapo wazee walioandikwa bila wenyewe kujua.

Mvita
Poleni. Huku Kenya, Inua Jamii inawafikia wazee wa miaka 70 kwenda juu tangu 2018, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kitambulisho chenye mwaka wa kukisia kinawazuia wazee wengi wa pwani hivyo hivyo. Kiasi nacho kimekaa pale pale kwa muda mrefu mno. Bei ya unga haikukaa.

Kagera1
Sisi wa Bara tunawaonea wivu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataja matibabu bure kuanzia miaka 60, lakini pensheni ya kila mzee hatuna. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, inatazama kaya maskini, kwa hiyo mzee anayeishi na mtoto mwenye bati jipya anaweza kuachwa hata kama hapewi senti.

Babu Shehia
Uzuri wa huu mpango wetu wa Zanzibar tangu ulipoanza Aprili 2016, wakati ule 20,000, ni kwamba haumuulizi mzee kama ni maskini wala kama aliajiriwa. Unauliza umri na ukaazi tu. Ndiyo maana kosa la umri linauma: mlango ni mmoja. Mimi ningeomba Serikali ipeleke maofisa wa usajili shehia kwa shehia, wakae na wazee wa mji siku moja, wasahihishe miaka yote iliyokisiwa. Mzee wa miaka 75 asipandishwe daladala kwenda kuthibitisha kwamba amezeeka.

Mjukuu wa Kusini
Nimerudi. Mjomba wa bibi aliacha mas-hafu ya Qur'ani, na nyuma ya jalada pameandikwa jina la bibi kwa herufi za Kiarabu, "Muharram 1370". Ina maana yoyote?

Mama Rukia
Allahu Akbar! Muharram 1370 ya kalenda ya Kiislamu ni Oktoba au Novemba 1950. Mpaka Julai 1951 ana miezi minane au tisa, ndiyo umri wa kutambaa!

Babu Shehia
Msichane ukurasa wala msiandike chochote juu yake. Upigeni picha, mas-hafu yenyewe mwende nayo nzima. Kwanza kwa sheha mpate barua, kisha hati ya kiapo, kisha ofisi ya usajili ya wilaya pamoja na cheti cha mjomba wako. Nakala za kila karatasi zibaki nyumbani. Na mwandike mwaka 1950 kila mahali, maana karatasi moja ikisema 1951 mtarudishwa.

Mjukuu wa Kusini
Ahsanteni sana. Jumatatu in shaa Allah naanza kwa sheha.