Ramani ipi ya kidijitali inafaa kutoka Longido hadi Ziwa Natron kwa kuzunguka Gelai?

Mwendo Pole aliuliza:

Ndugu zangu, ninawasalimu. Mwezi Julai mimi na wenzangu wawili tunakusudia kutoka Longido kwenda Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, lakini hatutapita njia ya Mto wa Mbu na Engaruka ambayo wengi wanaifahamu. Tunataka kupita Kitumbeine, tuuzunguke mlima Gelai, kisha tushuke hadi kando ya Ziwa Natron. Gari ni Land Cruiser ya zamani ambayo sina wasiwasi nayo. Wasiwasi wangu ni ramani.

Nimepakua programu tatu za simu zinazofanya kazi bila mtandao, na kuna kadi ya ramani ya kifaa cha GPS ambayo ninashawishiwa kuinunua. Zote zina kontua, yaani mistari ya miinuko, zinazopendeza macho. Hata hivyo, nilipozilinganisha katika eneo la kaskazini ya Gelai, moja ilionyesha njia tano za gari, nyingine mbili, na ya tatu haikuonyesha hata moja. Nitajuaje ni ipi inayosema kweli? Je, ramani yenye kontua za kila mita 10 ni bora kuliko yenye kontua za kila mita 20? Na zile karatasi za serikali za skeli ya 1:50,000 zilizoskaniwa, zina faida yoyote siku hizi?

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwendo Pole, katika kila ramani ya aina hiyo kuna ramani mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine, na kila moja ina asili yake na umri wake. Ukizihukumu kwa pamoja, utadanganyika.

Ya kwanza ni ya miinuko. Programu nyingi za bure huchota kontua zake kutokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mnamo Februari 2000, kazi inayojulikana kwa kifupi kama SRTM. Kwa miaka mingi sisi wa Afrika tulipewa vipimo vya kila mita 90 tu, na vile vya kila mita 30 vikaanza kutolewa kwa wote mwaka 2014. Kwa hiyo kontua za mita 10 na za mita 20 zinaweza kuwa zimetoka katika chungu kimoja. Aliyekupa mistari mingi zaidi ameikokotoa kwa kompyuta, hakwenda kupima upya. Kontua zitakuonyesha Gelai, Kitumbeine na Ol Doinyo Lengai vizuri kabisa, kwa sababu milima hiyo haijifichi. Hazitakuonyesha korongo lenye upana wa mita nne na kina cha mita tatu, ambalo linapita lote katikati ya kontua mbili bila kugusa hata moja. Na kwa gari, korongo ndilo litakalokurudisha ulikotoka, si mlima.

Ya pili ni ya njia, na hapo ndipo programu zako tatu zinapotofautiana. Nyingi hutumia data ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Ingia katika tovuti yake, uguse mstari wa njia unayoitilia shaka, nawe utaona ni lini ulihaririwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo isikulevye: aliyeuchora huenda ameifuata picha ya setilaiti akiwa nyumbani kwake Ulaya, asijue kama ile ni njia ya gari au ni njia ya ng'ombe wanaokwenda kunywa maji.

Dereva wa Kaskazini alijibu:

Mzee wangu amesema kweli kuhusu ng'ombe. Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa kadi ya ramani yenye kontua nzuri mno, nikaifuata njia moja magharibi ya Kitumbeine kwa karibu saa mbili, ikaishia kwenye zizi. Wenyeji walinicheka kwa upole, kisha kijana mmoja akapanda garini kunionyesha njia.

Ushauri wangu ni kwamba njia zipewe uzito kuliko kontua. Kwa upande huo ninaipenda Tracks4Africa, kwa kuwa njia zake zimetokana na rekodi za GPS za watu waliopita na magari, na inakupa pia muda wa safari badala ya umbali peke yake. Ukiambiwa kipande cha kilomita 40 kinachukua saa mbili na nusu, umekwisha kuambiwa hali ya barabara bila maelezo mengine. Upungufu wake ni kwamba pale ambapo wasafiri hawapiti, nayo haina la kusema.

Pakua pia picha za setilaiti za eneo lote kabla ya kuondoka Arusha, na uzitazame ukiwa umetulia. Njia inayotumika huonekana kama mistari miwili ya tairi yenye rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyoachwa hukatikakatika kila inapokutana na korongo. Kisha jihadhari na ziwa lenyewe. Ule mstari wa bluu wa ufuo ni wa msimu mmoja tu, kwa kuwa maji ya Natron hupanda na kushuka, na yakishuka huacha ganda la magadi ambalo juu linaonekana gumu na chini yake ni tope. Njia yoyote iliyochorwa karibu na ufuo ihamishieni upande wa mlimani, hata ikiwaongezea nusu saa.

Mwendo Pole aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimepata karatasi mbili za zamani zilizoskaniwa, nikasoma viwianishi vya makutano fulani ya barabara nje ya Longido na kuviingiza katika simu. Alama imekaa kama mita 300 kutoka makutano yenyewe. Je, karatasi imechorwa vibaya?

Mpimaji Mstaafu alijibu:

Karatasi haina kosa. Ramani hizo zilichorwa kwa datumu, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, ya Arc 1960, na simu yako inatumia datumu nyingine, WGS84. Katika eneo letu tofauti ya hizo mbili ni takriban mita 300, na sehemu kubwa yake ni ya kaskazini na kusini. Ichague Arc 1960 katika programu kabla ya kuingiza namba, na alama itarudi mahali pake. Yapo makosa mengine yanayofanana na hilo: nyuzi 36 za longitudo ndizo zinazotenga kanda za 36 na 37 za gridi ya UTM, inayotaja mahali kwa mita badala ya nyuzi, nanyi mtazivuka. Longido iko kanda ya 37, Ol Doinyo Lengai iko kanda ya 36. Mkielekea magharibi, namba ya mashariki (mita zinazohesabiwa kuelekea mashariki) itashuka hadi karibu 166,000 kisha itaruka ghafla hadi karibu 834,000. Msidhani kifaa kimeharibika. Kwa safari hii ni afadhali kutumia latitudo na longitudo moja kwa moja.

Karatasi zenyewe zichukueni, ingawa kwa njia za gari zimepitwa na wakati. Makorongo yake yalichorwa na watu waliozitazama picha za ndege kwa jicho, kwa hiyo mengi ambayo rada haikuyaona yamo humo. Angalieni pembezoni kama kontua ni za futi au za mita.

Dereva wa Kaskazini alijibu:

Hapo kwenye makorongo ninakubali kwa shingo upande, Mzee. Maji huyahamisha, na mahali pa kuvukia pa mwaka juzi pana ukuta leo.

Mwendo Pole aliandika:

Basi nimeamua hivi: kadi sitainunua. Simu moja itabeba ramani ya OpenStreetMap yenye kontua za mita 20, tableti itabeba picha za setilaiti na zile karatasi mbili zikiwa zimerekebishwa datumu. Jumapili nitazijaribu zote kwenye njia za nyuma ya Oldonyo Sambu ambazo ninazifahamu tangu utotoni, nihesabu ni ngapi kila ramani imezikosea.

Dereva wa Kaskazini alijibu:

Jaribio hilo lifanye data ya simu ikiwa imezimwa kabisa. Wengi hugundua wakiwa porini kwamba ramani waliyodhani wameipakua ilikuwa ikivutwa kutoka kwenye mtandao. Na mkirudi, tuwekee faili la GPX, yaani rekodi ya GPS, la njia mliyopita kaskazini ya Gelai, kwa maana kipande hicho hata mimi sijakipita tangu mvua za mwaka jana.