Poedit, Weblate au Crowdin: tuchukue ipi kutafsiri programu yetu?

Kikoba_Dev: Wadau, salaam. Tuna programu huria ya simu ya kutunza hesabu za vikoba. Tunataka iwe na Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu. Maneno yote yako kwenye mafaili ya PO (kila sentensi ya asili na tafsiri yake), msimbo uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Watafsiri wanajitolea, wengine Git, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya msimbo, hawaijui kabisa. Nimebaki na zana hizo tatu za kutafsiria. Mnashauri nini?

Binti_Pangani: Kwa mtafsiri mmoja, Poedit haina mpinzani. Unafungua faili na kuendelea hata mtandao ukikatika, na ukisahau %s (alama ambayo programu huweka jina au neno mahali pake) inakuonya. Shida inaanza mkiwa wawili: faili linarushwa WhatsApp, kila mtu ana toleo lake, anayeumia ni wa kuyaunganisha. Kwa lugha tatu, hapana mkuu.

Seva_Huru: Weblate, bila kusita. Mtafsiri anaingia kwa kivinjari, anaandika, na kazi yake inafika kwenye Git ikiwa na jina lake. Hilo la jina kwangu ni kubwa. Mtu halipwi, basi angalau ijulikane kazi ni yake. Michal Čihař aliianzisha mwaka 2012, ni programu huria, na LibreOffice na Fedora wanaitumia. Unaweza kuiweka kwenye seva yako kwa Docker (zana ya kusimika programu ikiwa na mahitaji yake yote), ila uwe na RAM ya kutosha na mtu wa kuihudumia.

Lahaja_Zetu: Crowdin msiipite haraka. Ni ya kulipia, lakini miradi huria inaweza kuomba itumie bure. Uzuri wake ni picha za skrini: mtafsiri anaona maneno yanakaa wapi. Ukikutana na "%s deleted" peke yake utaandika nini, amefutwa, limefutwa au kimefutwa? Ni mwanachama, faili au kikundi? Unabahatisha tu.

Seva_Huru: Dada Lahaja, Weblate nayo inapokea picha, na maelezo ya mwandishi wa msimbo yanaonekana pembeni. Ila umegusa penyewe. Sentensi iliyokatwakatwa haiponywi na zana. Kikoba, ya mwanachama iandike peke yake, ya faili peke yake. Mozilla walitengeneza Fluent, inayotumika kwenye Firefox, ili kila lugha ipange ujumbe kwa sarufi yake bila kugusa msimbo. Umoja na wingi visikutishe: kwenye PO Kiarabu kina maumbo sita ya idadi, Kiswahili mawili, na zana zote tatu zinayamudu.

Mzee_Kilindini: Vijana, istilahi kwanza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliandaa orodha ya istilahi za kompyuta. Nanyi kubalianeni mapema "hisa", "riba" na "marejesho" kwa lugha zote tatu. Weblate na Crowdin zote zina faharasa, yaani orodha ya istilahi na tafsiri zake, na unaweza kuitoa kwa TBX (muundo wa faili la istilahi) siku mkihama.

Kikoba_Dev: Shikamoo mzee, na asanteni wote. Tunaomba nafasi kwenye seva ya Weblate wenyewe, wana mpango wa bure kwa miradi huria. Kwanza nazipanga upya zile sentensi, kisha naweka faharasa. Mwenye Kiarabu kizuri anitumie ujumbe.