Naomba ushauri: fundi anataka kuziba sehemu ya kufikia mabomba ya beseni la kuogea

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, hasa mafundi bomba na wenye nyumba mlioko Marekani.

Tunakarabati bafu la ghorofani hapa Columbus, Ohio. Nyuma ya beseni la kuogea, ndani ya kabati la nguo la watoto, kulikuwa na kibao cha kufunga kwa skrubu. Ukikitoa unaona bomba la kutolea maji na maungio yake. Fundi kakitupa. Anataka aweke jipsamu, apige rangi, ukuta uwe safi.

Kanuni ya IRC ya nyumba za kuishi, inayofuatwa majimbo mengi, inasema maungio ya kukaza kwa nati na mpira yakifichwa lazima yawe na mlango au nafasi ya kuyafikia, isiyopungua inchi 12 (kama sentimita 30) upande wake mfupi. Yaliyogandishwa kwa gundi au kulehemiwa hayadaiwi mlango. Yetu ni ya nati, na mpira huchoka, hilo halihitaji mkaguzi kutuambia.

Fundi anajibu kwamba atabadilisha yote yawe ya gundi. Kikanuni sawa, lakini likivuja baadaye si tutapasua ukuta?

Aliyewahi kukubali njia hiyo, ilikuwaje? Kifuniko cha plastiki cha kubana kinatosha, au nidai chenye bawaba? Mke wangu anataka kisionekane kabisa, na jipsamu inaletwa Jumamosi.