Mrejesho: bunduki ya .22 ya shabaha inayojipakia yenyewe

Aksanti sana wandugu wa Lubumbashi mlionijibu nilipouliza ni bunduki gani ya .22 LR (aina ya risasi ndogo) ya kulenga shabaha, ya kujipakia yenyewe, isiyokwama ovyo. Nilifuata ushauri wa Ruger 10/22, ile ya magazini (kikasha cha risasi) ya kuzunguka yenye risasi 10.

Lililosaidia kweli isikwame ni kusafisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Nta na masizi hujaa humo, ganda linang'ang'ania. Toa magazini, kagua chemba iko tupu, kisha brashi ya shaba na kitambaa. Mafuta tone moja tu. Yakizidi yananasa vumbi la kiangazi.

Risasi za mwendo kasi, mita 370 hivi kwa sekunde, zinapita vizuri. Za chini ya kasi ya sauti bado zinakwama: msukumo wao hautoshi kurudisha bolti (chuma kinachofunga chemba na kutoa ganda) hadi nyuma. Kwa hizo, afadhali bunduki ya kukoki kwa mkono.