Naomba ushauri: kidahizo cha "kafiri" na ndugu zake

Wakuu, habari zenu. Ninaandaa kidahizo cha "kafiri", yaani ingizo lake kwenye kamusi, na nimekwama kwenye mpangilio wa maana.

Mzizi wa Kiarabu, k-f-r, ni kufunika. Ndiyo maana "kuffar" (wingi wa "kafir") wa Kurani 57:20 wafasiri wengi huwaelewa kuwa wakulima, watu wanaofukia mbegu. Kuna pia kufunika neema, yaani kukosa shukrani, na kuikana imani. Wareno walilichukua neno "kafiri" kama "cafre", na huko Afrika Kusini likawa tusi zito la ubaguzi, linaloweza kumfikisha mtu mahakamani.

Nimejaribu kupanga kuanzia mzizi: msomaji anapotea, anakutana na mkulima kabla ya asiyeamini. Nikianza na matumizi ya leo, "kafara" inabaki yatima, ingawa ni ya mzizi huo huo (kufunika dhambi). "Mpagani" halinisumbui; paganus ya Kilatini ilianza na mtu wa kijijini, basi.

Naomba mnisaidie: tusi la Afrika Kusini liwe maana ya pili au lipewe kidahizo chake? Na "utajiri wa kufuru" ukae chini ya "kufuru" ya dini, au maana hiyo imeshajitenga?