Wanafunzi wa uuguzi wanaojificha nyuma ya wenzao wodini, mnawaanzishaje?

MkufunziWodini
Habari wakuu. Kwenye chumba cha mazoezi wanafunzi wanaweka kanula (kile kimrija cha kuingizia dripu mshipani) kwenye mkono wa plastiki bila shida. Wakifika wodini, wanane wanazunguka kitanda kimoja: wawili wameshika vifaa, sita wanatazama. Ukiwauliza, jibu ni "hatujiamini". Semina ya kujithamini inasaidia, au ni kupoteza asubuhi?

SistaWaZamu
Mwalimu, hapo kuna mambo mawili. Kujithamini ni namna mtu anavyojiona kwa jumla. Ndiko kunakopimwa na zile sentensi 10 za mwanasosholojia Rosenberg za mwaka 1965. Kuamini kwamba "kanula hii naiweza" ni habari nyingine, na mwanasaikolojia Bandura alishaeleza mwaka 1977 kuwa chanzo chake kikuu ni kuifanya kazi yenyewe ukafaulu. Aliyeshika trei wiki nne hawezi kuipata kwenye semina.

Gawa vitanda, usigawe kazi. Wanafunzi wawili, vitanda vinne, zamu nzima. Ukisema "wewe presha, wewe joto", hakuna anayemjua mgonjwa, na raundi ya madaktari ikifika wote wanaangalia sakafu. Anza na presha, joto, mapigo, upumuaji, na chati ya maji yanayoingia na kutoka. Upumuaji uhesabiwe dakika nzima. Chati yenye 20 kwa wagonjwa wote maana yake hakuna aliyehesabu (na si wanafunzi peke yao, tunajuana). Mkanda wa presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene, kipimo kinapanda kuliko ukweli. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe na kuomba mkanda mkubwa, huyo ameanza.

Kwa kanula, majaribio mawili tu, kisha anakabidhi. Litangaze kabla hajavaa glavu, ili kukabidhi kusiwe aibu. Na akikosa, mtajie kosa moja lililomkosesha: hakuvuta ngozi kwa chini, mshipa ukakimbia, au hakusubiri spiriti ikauke, kama sekunde 30, mgonjwa akaungua na kuvuta mkono. Ukimwambia "jiamini" tu, kesho atakosea palepale. Maelezo hayo yatolewe mezani, si mbele ya mgonjwa.

Mwaka_wa_Tatu
Naongezea upande wetu. Wengi hatujui tuombe vipi. "Sista, nikusaidie nini?" inampa sista kazi ya kufikiri katikati ya zamu, kwa hiyo utatumwa kuchukua pamba. Taja kitanda, kazi na mahali utakaposimama: "Sista, naomba nibadilishe bandeji ya kidonda cha kitanda cha 7. Vifaa nimeandaa. Nitakuita ukione kabla sijafunika." Muda mzuri ni mara baada ya kukabidhiana zamu. Ukiomba wakati anagawa dawa utakataliwa, na utadhani umekataliwa wewe.

Na mgonjwa aombwe ridhaa, aambiwe wewe ni mwanafunzi. Akikataa, unashukuru unaenda kitanda kingine.

MkungaMzoefu
Hapo sawa, ila msichanganye kujituma na kujichukulia madaraka. Dawa, damu na dripu mwanafunzi hagusi bila msimamizi pembeni, hata awe hodari vipi. Mahali ninapotaka asisubiri ruhusa ni kutoa taarifa, na ndipo wengi wanaponyamaza wakiogopa kuonekana wamekosea kupima. Wafundisheni mpangilio: nani, ana historia gani, umepima nini, unaomba nini. Mfano: "Sista, mama wa kitanda cha 6, amejifungua kwa upasuaji asubuhi. Presha 90/50, mapigo 124, pedi mbili zimelowa ndani ya saa moja. Naomba uje sasa hivi." Wafanye mazoezi kwa sauti, wawili wawili, mpaka itoke bila kigugumizi.

Akikuita na ukakuta presha ni ya kawaida, usimcheke. Ukimcheka leo, siku pedi zitakapolowa kweli hatakuita.

MkufunziWodini
Asanteni sana. Na wale wanaowinda tu saini za kitabu cha mazoezi, kile kinachosainiwa kwa kila kazi waliyofanya wodini?

SistaWaZamu
Usisaini mwisho wa wiki kwa mkupuo. Saini palepale kitandani, baada ya kumuuliza swali moja: "Mgonjwa huyu, ni kitu gani kingekufanya usiendelee?" Akikosa jibu, atarudia kesho na msimamizi yuleyule.