Ada za kuogelea: naambiwa NOA, sina

Mama Salma:
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Tumeingia Kanada mwaka huu, tunakaa mji wa jirani na Toronto. Nimekwenda kituo cha michezo kuwaandikisha watoto, mmoja kuogelea, mmoja kikapu. Ada zikanitoa jasho, nikaomba punguzo. Binti wa mapokezi kasema lete NOA, barua ya tathmini ya kodi ya mapato. Namwambia kodi hatujawahi kuwasilisha, NOA itoke wapi? Akanigeuzia kompyuta nijionee: kile kisanduku cha NOA kina nyota nyekundu, usipokijaza ukurasa hausogei. Niende nirudi nikiipata. Usajili ni wiki ijayo. Kuna aliyepita njia hii?

Baba Neema (Scarborough, Toronto):
Pole dada. Omba Welcome Policy, mpango wa kusaidia ada kwa wenye kipato kidogo. Sisi tulikubaliwa, kila mtu nyumbani kapewa salio lake la mwaka, unachagua kozi mpaka liishe. Kuna na vituo ambavyo programu ni bure kwa wote, hakuna wa kukuuliza mshahara. Ila usilale: usajili ukifunguliwa saa moja asubuhi, kufumba na kufumbua kuogelea kumejaa. Mimi kwenye kompyuta, mke kwenye simu, na bado tuliambulia Jumapili alfajiri, na theluji yake.

Mjomba K.:
Baba Neema, soma kwanza ndipo ujibu. Kasema mji WA JIRANI. Welcome Policy ni ya jiji la Toronto, ukivuka barabara ya Steeles mpakani imekwisha. Kila manispaa na utaratibu wake. Na hivyo vituo vya bure vina historia yake: kabla manispaa sita hazijaunganishwa 1998, Toronto ya zamani ilikuwa haitozi programu nyingi, wenzao ndio walitoza. Walipounganisha, ada ndiyo iliyoshinda.

Bi Mkubwa wa Winnipeg:
Mwanangu Mama Salma, we lipa tu, tunza risiti. Kwenye kodi utapata nafuu.

Mjomba K.:
Nafuu ipi tena? Ile ya serikali kuu kwa michezo ya watoto ilianza 2007 ikafutwa 2017! Na ilivyoanza, kikomo cha ada dola 500, nafuu asilimia 15 yake, yaani dola 75. Kwa miaka mingi asiyedaiwa kodi hakupata hata senti. Walifaidi wenye uwezo wao.

Bi Mkubwa wa Winnipeg:
Huku jimbo la Manitoba tunayo yetu mpaka leo. Na usinifokee, nimekuzidi umri.

Mjomba K.:
Nisamehe Bi Mkubwa. Lakini yeye yuko jimbo la Ontario.

Sele:
Mnazunguka mbuyu. Ulizeni kwa nini mtoto anatozwa. Sheria ya Ontario hairuhusu manispaa kupanga bajeti ya matumizi yenye nakisi. Diwani akipandisha kodi ya majengo, wenye nyumba wanamng'oa. Kwa hiyo anapandisha ada ya bwawa, maana watoto hawapigi kura. Kisha wanasema "anayetumia alipe". Kwani Mama Salma hajalipa? Kodi ya jengo anailipa ndani ya pango kila mwezi, mwenye nyumba haitoi mfukoni mwake. Na hilo punguzo la karatasi linamkosa yule yule aliyekusudiwa, mgeni asiye na karatasi.

Baba Neema:
Sele na siasa. Bila ada nani atawalipa waokoaji na walimu? Klorini je?

Sele:
Kodi. Kama tunavyolipia theluji kuzolewa barabarani. Hakuna anayesimamishwa aoneshe NOA ndipo apite.

Abuu wa Malindi, Unguja:
Mimi nimejifunza Forodhani, mwalimu alikuwa kaka yangu: kanisukuma kutoka ukutani. Maji yamejaa, watalii wanapiga picha, kila mmoja anataka kujitosa kwa mbwembwe kumshinda mwenzake. Bure kabisa. Magharibi ikiingia, mishikaki na urojo.

Bi Mkubwa wa Winnipeg:
Na waliozama huwahesabu, Abuu? Lakini urojo umenikumbusha. Huku bhajia zake sipati mtu wa kuzikaanga.

Mama Salma:
Ahsanteni nyote. Ila bado: yupo aliyewapa barua ya CCB, ile posho ya watoto ya serikali kuu, badala ya NOA wakaikubali? Au hati ya kuingilia nchini?

Baba Neema:
CCB yenyewe uliombaje? Mimi walinikalisha miezi.

Kijana wa Mwanza:
Samahani kuingilia. Kuna anayeshuka Dar mwezi huu mwenye nafasi ya kilo tano kwenye begi?